Je, Mwalimu Ndiye Afanyaye Mchezaji?

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika kurasa zetu ili niseme machache juu ya jambo lililotugawanya katika mkutano uliopita, nalo ni jambo la fedha za michezo. Wanachama waliohudhuria wanakumbuka mambo yalivyokwenda. Ndugu mmoja alisimama akatoa shauri kwamba fedha zote za michezo za mwaka huu zitumike kumwita mwalimu wa tenisi kutoka mbali, akae nasi hapa Songea majuma mawili, awafundishe wachezaji wetu pamoja na watoto wetu. Ndugu mwingine alisimama akapinga, akasema kwamba mchezaji huzaliwa wala hafundishwi, na kumlipa mwalimu ni kumlipa mtu kwa kazi iliyokwisha kufanywa na Mungu. Makofi yalipigwa pande zote mbili. Mwenyekiti akaahirisha neno hilo mpaka mkutano ujao, nasi tukaenda kunywa chai.

Mimi sikusema neno siku ile, maana ndimi niliyekuwa nikiandika kumbukumbu, na mkono ukishika kalamu mdomo hauna budi kufungwa. Lakini nilirudi nyumbani na jambo hilo moyoni. Naona ndugu wote wawili walisema nusu ya kweli, na chama kikifuata nusu mojawapo kitapoteza fedha au kitapoteza watoto. Basi nisikilizeni.

Kwanza nimtazame yule asemaye kwamba mwalimu si kitu. Anayo mifano, wala si mifano ya kubeza. Katika mwezi wa Desemba 2003 Roger Federer wa Uswisi aliachana na mwalimu wake, na mwaka wa 2004 akacheza bila mwalimu. Mwaka huohuo akashinda mashindano makuu ya Australia, ya Wimbledon na ya Marekani. Tena hapa kwetu Afrika ya Mashariki tunaye Julius Yego wa Kenya, mtupa mkuki. Nchi yake ilijaa walimu wa mbio, lakini wa mkuki walikuwa adimu. Basi kijana huyu alikwenda katika mkahawa wa intaneti, akatazama picha za watupaji wakubwa wa Ulaya, akatoka akaenda kuiga. Kwa njia hiyo alipata medali ya dhahabu katika Michezo ya Afrika iliyofanyika Maputo mwaka 2011. Msomaji atasema, "Haya, mwalimu yuko wapi hapo?"

Nami najibu: tusifunge kitabu kabla ya kumaliza sura. Yego hakukaa katika mkahawa ule milele. Mwaka 2012 alipata nafasi ya kwenda Finland, nchi iliyozoea kutupa mkuki tangu zamani, akafundishwa huko na mwalimu hasa. Katika Olimpiki ya London mwaka ule alifika fainali; mwaka 2013 alikuwa wa nne duniani; mwaka 2015, huko Beijing, alitupa meta 92.72 akawa bingwa wa dunia. Picha zilimfikisha mlangoni, na mtu aliyejua kazi akamsaidia kuingia ndani. Na huyo Federer aliyecheza bila mwalimu alikuwa amefundishwa tangu utoto wake. Fundi akimaliza kujenga akaondoka, nyumba haianguki siku ileile. Lakini nani atasema kwamba ilijijenga yenyewe?

Tena naweza kutoa ushahidi wangu mwenyewe, ijapokuwa ni wa aibu kidogo. Nilianza kucheza tenisi baada ya kutoka shule ya misheni, nikiwa karani mpya, na hapakuwa na mtu wa kunionyesha. Nilishika raketi jinsi mpishi ashikavyo kikaango, na kila nilipoanzisha mpira nilikuwa kama mtu anayegeuza chapati. Nilicheza hivyo miaka minane. Siku moja alipita mgeni aliyejua mchezo, akanitazama, akanichekea kwa upole, akaniambia nishike raketi jinsi fundi ashikavyo nyundo. Somo lake lilichukua robo saa. Lakini kuiondoa desturi mbaya mkononi kulinichukua karibu miaka miwili, na hata leo nikichoka mkono wangu hurudi jikoni. Robo saa ya mwalimu siku ya kwanza ingaliniokoa miaka kumi. Samaki mkunje angali mbichi. Mimi nilikunjwa nimekwisha kukauka.

Kwa hiyo asemaye mwalimu si kitu nampinga. Lakini sasa namgeukia yule wa pili, ambaye ndiye mwenye wafuasi wengi katika chama chetu, yaani yule aaminiye kwamba mwalimu akija, mchezaji atapatikana. Na ili nisionekane ninazungumza hewani, nichukue habari ya binti mmoja wa Afrika ya Mashariki ambaye wengi wetu tumesikia jina lake, Angella Okutoyi wa Kenya.

Binti huyu alizaliwa mwaka 2004, akalelewa na bibi yake huko Nairobi pamoja na pacha wake, ambaye naye alishika raketi. Katika mwezi wa Januari 2022 alishinda michezo miwili katika mashindano ya wasichana huko Australia, akawa msichana wa kwanza wa Kenya kushinda mchezo katika mashindano makuu ya vijana. Mwezi wa Julai mwaka ule, pale Wimbledon, yeye na mwenzake Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi walishinda fainali ya wasichana ya wawili wawili. Mwaka 2024 akapata dhahabu ya mchezaji mmoja mmoja katika Michezo ya Afrika huko Accra.

Je, ni mwalimu aliyemfanya? Walimu alikuwa nao, na sitawanyima heshima yao. Lakini tuangalie ni mambo gani mengine yaliyokuwa karibu naye. Nyumbani alikuwa na pacha mwenye umri wake na raketi mkononi. Baadaye alichukuliwa katika vituo vya Shirikisho la Kimataifa la Tenisi barani Afrika, akakaa na kucheza na vijana wa nchi nyingine waliokuwa sawa naye au waliompita. Kisha alisafirishwa kwenda kushindana. Mtoto anayemshinda kila mtu mtaani kwake hajui yeye ni nani. Atajijua siku atakapokutana na anayemshinda. Mwalimu mwema peke yake hawezi kumpa jambo hilo, hata akiwa na hekima ya Sulemani, maana yeye ni mmoja na tena ni mtu mzima.

Kuna jambo jingine katika fainali ile ya Wimbledon linalonifanya nifikiri sana. Waliokuwa upande wa pili wa wavu walikuwa Kayla Cross na Victoria Mboko wa Kanada. Mboko ni mtoto wa wazazi waliotoka Kongo. Siku ile binti yetu na mwenzake walishinda kwa tofauti ndogo mno: waligawana seti mbili za kwanza, na ile ya mwisho ikaisha 11 kwa 9. Miaka mitatu tu baadaye, katika mwezi wa Agosti 2025, Mboko alitwaa ubingwa wa Kanada huko Montreal akiwashinda mabingwa wakubwa wa dunia, na Okutoyi alikuwa amekwenda katika chuo kikuu cha Auburn, Marekani, akisoma na kucheza huko. Simlaumu mtu, wala sisemi kwamba safari ya binti yetu imekwisha. Nasema tu kwamba mwaka 2022 mabinti hawa walitenganishwa na pointi mbili. Mboko alikuwa na ndugu zake wakubwa waliocheza tenisi kabla yake, kituo cha taifa cha nchi yake, na baadaye mwalimu Nathalie Tauziat, ambaye mwenyewe alifika fainali ya Wimbledon mwaka 1998. Mwalimu yumo katika hesabu hiyo, lakini hayumo peke yake. Mwanzoni mwa 2025 Mboko alishinda michezo 22 mfululizo katika mashindano madogo kabla ya kufika katika makubwa. Ili mtu ashinde michezo 22, lazima kwanza awepo mtu wa kumwandalia michezo hiyo na wa kumlipia nauli ya kuifuata.

Wengine watanitajia mabinti wa Marekani, Venus na Serena Williams, waliofundishwa na baba yao katika viwanja vya umma vya mji wa Compton. Mzee yule hakuwa mchezaji maarufu. Alijifunza mchezo katika vitabu na kanda za video, kisha akawafundisha wanawe. Mwaka 1991 aliwahamishia Florida wakaendelee chini ya mwalimu mwingine. Venus alipata mataji makuu 7 ya mchezaji mmoja mmoja, na Serena 23. Watu husoma habari hii wakasema, "Tazama, baba alikuwa mwalimu mkuu." Ni kweli. Lakini ukuu wake ulikuwa wapi? Naona ulikuwa katika kuwapo kila siku, na katika kuwa na watoto wawili, kila mmoja akiwa jiwe la kumnolea mwenzake.

Na mfano ulio karibu zaidi ni wa Bruda Colm O'Connell, Mwairishi, aliyefika Iten nchini Kenya mwaka 1976 kufundisha jiografia katika shule ya Mtakatifu Patrick. Hakuwa na cheti cha kufundisha riadha. Aliuliza, akasoma, akatazama, na juu ya yote akakaa. Mikononi mwake alipita David Rudisha, aliyekimbia meta 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91 huko London mwaka 2012, mbio ambazo hakuna mtu aliyewahi kuzikimbia kwa kasi hiyo. Kati ya kufika kwa Bruda na mbio zile ilipita miaka 36. Angalikuja kwa majuma mawili na kurudi kwao, nani leo angalijua jina lake?

Basi kazi ya mwalimu ni nini? Mimi naona ni tatu. Ya kwanza ni kuunyosha mkono ungali laini, kama nilivyokwisha kueleza. Ya pili ni kuwa jicho la mchezaji, maana hakuna mtu awezaye kujiona mgongo. Mchezaji hudhani anapinda magoti kumbe amesimama kama mlingoti wa bendera. Ya tatu ni kumfungulia mlango: kumtafutia mpinzani anayemfaa, kumwandikisha katika mashindano, na kumwambia lini apumzike. Katika hizo tatu, mgeni wa majuma mawili aweza kufanya ile ya kwanza kwa kiasi kidogo. Ya pili hawezi, kwa maana kosa la mchezaji hurudi mgeni akiisha kupanda basi. Na ya tatu hana njia ya kuifanya. Majuma mawili ni siku 14. Mwaka una siku 365. Zinabaki siku 351, nazo ndizo siku ambazo mchezaji hutengenezwa au huharibika.

Tena mchezo huu una tabia yake. Kwa miaka mingi, ukiacha mashindano ya timu, sheria ilimkataza mwalimu kusema na mchezaji mchezo ukiendelea. Katika fainali ya Marekani ya mwaka 2018 Serena Williams alionywa na mwamuzi kwa sababu mwalimu wake alionekana akimwashiria kutoka jukwaani, na kelele za siku ile zilienea dunia nzima. Sheria hiyo imelegezwa hatua kwa hatua katika mashindano makubwa, na tangu tarehe 1 Januari 2025 Shirikisho la Kimataifa limeruhusu shauri kutoka nje ya uwanja. Lakini hata sasa mwalimu huweza kusema kidogo tu, mpira ukiwa umesimama. Mpira ukiwa hewani mchezaji yu peke yake. Kwa hiyo mwalimu mwema wa tenisi ni yule amfundishaye mtu kujiamulia asipokuwapo, na jambo hilo halifundishwi kwa haraka.

Sasa nije hapa kwetu. Wanachama wa zamani wanakumbuka kwamba shauri la kumwita mwalimu kwa muda si jipya. Lilifanyika miaka michache iliyopita, na mimi niliinua mkono kulikubali, tena kwa furaha. Mwalimu alikuja. Alikuwa mtu mwema na mwenye ujuzi. Sina neno juu yake. Wakati ule palikuwa na mtoto wa tarishi mmoja, mwenye umri wa miaka kumi na mitatu hivi, ambaye kila jioni aliupiga mpira uliokwisha manyoya katika ukuta wa ghala, mara mia, mara mia mbili, mpaka giza likamfukuza. Mwalimu alimwona, akatuita, akatuambia, "Huyu mtoto anayo mikono." Akamwonyesha jinsi ya kushika, jinsi ya kusimama, na jinsi ya kurudisha pigo la upande wa kushoto. Mtoto alishika yote kama kitambaa kinyonyavyo maji. Siku kumi na nne zilipokwisha tukamsindikiza mwalimu stendi, tukapiga picha.

Baada ya hapo ikawaje? Mipira ilikwisha katika miezi miwili, na mfuko wa michezo ulikuwa mtupu, maana tulikuwa tumemlipa mwalimu nauli, chakula na malazi. Sisi watu wazima tuligawana mipira michache iliyosalia, na mtoto akabaki na ule usio na manyoya. Mpinzani wa umri wake hakuwapo. Mvua zilipoanza mwezi wa Novemba uwanja ukaota nyasi. Mpaka mwezi wa Aprili yule mtoto alikuwa amekwenda kucheza mpira wa miguu na wenzake, naye acheza huko mpaka leo. Simlaumu. Alikwenda mahali palipokuwa na mpira na watu wa kucheza nao. Mwenye kulaumiwa ni mimi na wenzangu tulioinua mikono, kwa kuwa tulinunua maneno ya mwalimu tukasahau kununua kitu cha kuyafanyia mazoezi.

Kwa hiyo natoa shauri langu, nalo ni kwamba fedha zigawanywe mafungu matatu.

Fungu la kwanza litumike kumpeleka mtu wetu akasomee ualimu wa mchezo huu. Shirikisho la Kimataifa lina kozi za walimu zinazoanzia ngazi ya chini kabisa, kwa ajili ya wanaofundisha wanaoanza, na chama chetu kiulize zitafanyika lini mahali tunapoweza kufika. Najua jibu litakalotolewa, maana nimekwisha kulisikia kando ya birauli za chai: "Tukimsomesha karani, kesho atapata barua ya uhamisho, na elimu yetu itakwenda Kigoma." Ni kweli kabisa, na aliyesema hivyo amesema neno la busara. Sisi watumishi ni watu wa barua. Leo tupo, kesho hatupo. Basi tuwapeleke wawili, na mmoja wao asiwe mtumishi wa serikali, awe kijana wa hapahapa mjini, mwenye nyumba na shamba, ambaye hakuna barua itakayomng'oa. Naye huyo wa kwetu, akihamishwa, atafundisha watoto wa huko aendako. Hao nao si watoto wa nchi nyingine.

Fungu la pili linunue mipira, na ukuta mmoja utengenezwe vizuri na kupakwa mstari kwa urefu wa wavu. Katika mashindano makubwa mipira hubadilishwa baada ya gemu saba za kwanza, kisha baada ya kila gemu tisa. Sisi hatuwezi kuishi hivyo, lakini kati ya gemu tisa na miezi tisa pana nafasi ya kutosha ya kuona haya. Ukuta haudai posho, wala hauchoki, wala hauombi likizo.

Fungu la tatu liwe nauli ya watoto. Mbinga ni kiasi cha kilometa 100 tu kutoka hapa, na Njombe si mbali sana. Tuwaandikie watumishi wenzetu huko, wakusanye watoto wao nasi tukusanye wetu, wakutane mara tatu au nne kwa mwaka. Watoto wetu wakifungwa, na iwe heri, maana watarudi wakijua la kujifunza. Na mtoto akionekana kuwa na kipawa kikubwa, hapo ndipo tuanze kufikiri juu ya Dar es Salaam na juu ya mwalimu mkubwa, kwa sababu hapo mwalimu mkubwa atakuta kuna mtu wa kumfundisha.

Ndugu yangu aliyetoa shauri la kwanza asidhani kwamba nampinga kwa uadui. Yeye anapenda watoto wafundishwe. Nami napenda wafundishwe. Yeye anasema mwalimu ni kitu kikubwa, nami nakubali. Tofauti yetu ni moja tu: yeye anamtafuta mwalimu ajuaye sana, nami namtafuta mwalimu atakayekuwapo Jumanne ijayo, na Jumanne itakayofuata. Ujuzi mdogo unaorudi kila juma waweza kuongezeka. Ujuzi mkubwa ulioondoka na basi la asubuhi hauongezeki, unasimuliwa tu.

Katika mkutano ujao neno hili litaletwa tena, na kila mwanachama ataulizwa mkono wake. Siku ile nitamwomba Mwenyekiti mtu mwingine aandike kumbukumbu, ili nami nipate kuinua wangu. Kabla hamjainua yenu, piteni jioni moja nyuma ya ghala mkautazame ukuta ule. Alama za mipira bado zinaonekana, nyingi zimekaa mahali pamoja, kimo cha wavu. Mtoto aliyeziweka hakuwa na mwalimu mpaka mwalimu alipokuja, na alipoondoka hakuwa na sisi.

Nami ni mwenzenu katika kazi,

Karani, Songea